Vidonge vya Mtani

Haya, sogea karibu nikutegee, na usimtupie jirani jicho akunong'oneze. Nimefuga mdudu tumboni. Chakula anachokililia ni cha jirani, lakini nyama anayoitafuna ni yangu. Ni nani huyo? Ukishindwa nipe mji, tena mji wenye bandari na soko la samaki. Vijiji vya vumbi ninavyo vya kutosha.

Unawaza? Waza polepole. Inspekta Alumita Delai naye alikuwa hajapata jibu asubuhi ile ya Jumamosi alipopanda ngazi za hospitali ndogo ya Naqaravatu. Mfukoni alikuwa na kidonge kimoja ndani ya kimfuko cha plastiki, na kule kituoni kwake, nyuma ya mlango wa chuma, alikuwa na nesi anayelia.

Nesi huyo ni Torika Waqa. Saa nane mchana gari la polisi lingevuka naye milima kwenda mahakama ya Labasa, akasomewe shtaka la kumtilia mgonjwa sumu. Na nesi akishasomewa shtaka kama hilo, hata ashinde kesi, nani tena atampa mkono amchome sindano?

Mambo yalikuwa hivi. Pale Naqaravatu kulikuwa na jaribio la dawa mpya ya magoti. Wazee waliochakaa magoti walipewa kila mmoja chupa yake ya vidonge vyeupe. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine unga mtupu uliogandishwa, na hakuna aliyejua chake ni kipi, hata nesi aliyegawa. Jana yake, Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa, katikati ya chakula, Bibi Unaisi Tuilawa akaanguka. Mikono ilimtetemeka, akatapika, moyo ukamwenda mbio. Chupa yake ilipofunguliwa, kila kidonge kilikuwa kimechokorwa kwa ncha ya chuma.

Na sindano ni za nani? Za Torika. Na Torika ana kinyongo na nani? Mji mzima unajua: alikitaka kiti cha nesi mkuu, akapewa Kelera, binti wa Unaisi.

"Kesi imejipika yenyewe, Afande," alisema Koplo Jagdish wakiwa mlangoni. "Sisi tupakue tu."

"Chakula kilichojipika chenyewe mimi sikili, Jagdish, mpaka nijue nani kawasha moto."

Unaisi alikuwa amelala, shuka imepandishwa mpaka kidevuni, macho yanazunguka dari kama anayetafuta panapovuja. Kelera alikaa kando yake, sare yake imenyooshwa pasi hata ungeweza kukata mkate kwa mkunjo wake.

"Pole, Bibi," alisema Alumita.

"Pole haishushi sumu."

"Ulianza lini kujisikia vibaya?"

"Tangu siku waliyonipa madawa yao. Kichwa, tumbo, vidole kufa ganzi. Muulize huyu."

"Ni kweli," Kelera akasema, sauti imechoka. "Mama kila asubuhi ana ugonjwa mpya. Ila jana ilizidi."

"Jana ilizidi kwa sababu ile ni kali," Unaisi akadakia. "Kali mara mia kuliko yangu."

Alumita akaacha kuandika. "Ile ipi, iliyo kali kuliko yako?"

Unaisi akarudi kuitazama dari.

"Bibi Unaisi, vidonge ulivyomeza jana vilikuwa vya nani?"

Mama yule akajigeuza, akaupa ukuta uso na wageni mgongo.

"Mama, unaulizwa," alisema Kelera.

"Nina kizunguzungu. Nendeni mkamfunge aliyenichokolea dawa."

Alumita akafunga daftari. Akavaa kofia yake, akaondoka.

* * *

Torika alikuwa ameketi juu ya kibao cha mahabusu, macho mekundu, lakini alipomwona Inspekta alisimama wima kama bado yuko kazini.

"Nikuulize neno, na usinipambie," alisema Alumita. "Ulimwonea Kelera wivu?"

"Nilimwonea? Bado namwonea!" Torika akajipiga kifua. "Nimemfundisha mimi kushika bomba la sindano, leo ananiita 'nesi Torika' mbele ya wagonjwa. Hata viatu vyake vinaniudhi, Afande. Akipita navyo, ko ko ko, natamani sakafu immeze. Lakini wivu wangu unakaa hapa," akagusa koo, "haujawahi kushuka mikononi."

Jagdish akakohoa. "Mahakamani usiseme hivyo, dada."

"Nitasema nini basi, kwamba nampenda?"

"Chupa ulizigawaje?" Alumita akauliza.

"Zimezibwa, kifuniko hakijakatwa. Mgonjwa anakata mwenyewe mbele yangu. Bibi Unaisi yake aliitazama juani, akaitikisa, akainusa, akaniuliza nimenawa mikono na nani aliyenishikia sabuni. Ndivyo alivyo. Ukimpa chai atauliza nani kachota maji, na aliyechota ana neno gani naye."

"Na kumeza?"

"Kumeza hufumba macho. Anafungua chupa, anafumba, anasema Zaburi yake, anameza kama anayejitupa mtoni. Hajawahi kukitazama kidonge kikiingia kinywani."

Alumita akatoa kile kimfuko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha la nondo. Akaazima kioo cha kukuzia cha mzee wa mapokezi, kile anachosomea matokeo ya raga. Akatazama kwa muda mrefu.

"Jagdish, njoo. Unaona tundu?"

"Naona mkwaruzo, Afande."

"Mmoja?"

Koplo akasogeza jicho. "Miwili. Mmoja umelala, mmoja umesimama." "Msalaba."

"Mtu anayetia sumu ana haraka. Ana muda gani wa kuchora msalaba kwenye kila kidonge?"

"Labda ni mcha Mungu."

"Toka hapa," alisema Alumita, na kwa mara ya kwanza siku ile Torika akacheka puani.

* * *

Daktari Pascoe, bwana wa Melbourne aliyekuja na jaribio lake, alikuwa chumbani kwake na shati lililolowa jasho. Alumita hakukaa.

"Mgonjwa ameanguka, kwa hiyo unaruhusiwa kufungua siri. Unaisi alikuwa anakula nini?"

"Nimeshauliza makao makuu." Daktari akapangusa paji. "Unga, Inspekta. Unga mtupu tangu siku ya kwanza."

"Unga unamwangusha mtu?"

"Ndiyo maana nasema ni sumu! Mtu kaongeza kitu."

"Sikuulizi hilo. Nauliza, unga peke yake unaweza?"

Daktari akavuta pumzi. Hapo akawa mwalimu. "Kabla ya kuanza tuliwauliza wote maswali ya tabia. Nani ana hofu, nani ana matumaini, nani humwamini mtu upesi. Maana dawa haiingii kwenye tumbo tupu, inamkuta mwenye tumbo. Mtu mwepesi wa kuamini ukimpa unga, maumivu yanapungua kweli, si kwamba anajidai. Na mwenye hofu ukimpa unga uleule, anapata kila baya aliloambiwa linaweza kutokea. Kutapika kwake ni matapishi ya kweli. Moyo wake unakimbia kweli."

"Na Unaisi?"

"Kwa hofu, hakuna aliyemfikia."

"Na mwenye kuamini kuliko wote?"

Daktari akatabasamu bila kutaka. "Bibi Vasemaca. Alikuja na fimbo, baada ya wiki akaisahau hapa. Iko nyuma ya mlango."

Alumita akaitazama ile fimbo. Vasemaca Lomani! Wa kijiji cha Waidamu, na Unaisi wa Nukuvula. Vijiji hivyo viwili ni watani tangu mababu. Vasemaca na Unaisi wameolewa mtaa mmoja, wanakaa benchi moja kanisani, na hawajawahi kusalimiana bila matusi.

"Yeye anakula nini, Daktari?"

"Siruhusiwi..."

"Kuna mwanamke anakwenda Labasa saa nane."

Daktari akapekua simu yake. Akasoma, akarudia kusoma. "Unga pia," alisema taratibu. "Lakini Jumapili iliyopita nilimwona akicheza."

"Basi neno hilo limeze, lisitoke. Ukimwambia yule bibi, utamrudishia fimbo yake na magoti yake ya zamani."

* * *

Vasemaca alikuwa kwenye chemchemi ya maji moto nyuma ya soko, pale wanawake wanapozamisha magunia ya magimbi yaive bila kuni. Alikuwa amechuchumaa. Kuchuchumaa, naam, mwanamke ambaye mwaka jana alibebwa kwenye kiti kwenda kuzika kaka yake. Mvuke ulimzunguka na sulu yake ya maua, ile shuka ya kujifunga kiunoni, ameipandisha magotini.

"Inspekta!" alipiga kelele. "Umekuja kunifunga? Ngoja magimbi yaive, sipendi chakula cha serikali."

"Nimekuja kuiona chupa yako ya vidonge, Mama."

"Iko kapuni, chini ya samaki. Ukiiba, mimi si mtani wako, nitakushitaki."

Alumita akaitoa, akamimina vidonge kiganjani. Vilikuwa vyeupe, laini, havina alama. Akavigeuza kimoja kimoja.

"Mama, jana pale ukumbini, kabla Unaisi hajaanguka, mlikuwa mnasemezana nini?"

Kicheko cha Vasemaca kikapungua, kama moto uliomwagiwa maji kidogo. "Utani tu. Alinyoosha mkono akachukua samaki sahanini kwangu. Si anaruhusiwa? Mtani huchukua. Nami nikamwambia mbele ya watu wote: 'Chukua, chukua! Anayekula cha mtani wake kwa siri, tumbo litamsema!' Watu wakacheka. Yeye akawa mweupe kama muhogo uliomenywa. Halafu akaanguka." Akachovya kijiti majini, akakitoa. "Tangu jana sijalala, Inspekta. Nasema labda nina ulimi mbaya."

"Kwa nini ulisema kwa siri, na samaki kamchukua mbele yako?"

Vasemaca akaanza kuvuta kamba ya gunia, na gunia halikuwa tayari.

"Neno la siri lilikuwa karibu na ulimi wako, Mama. Lilitoka wapi?"

"Unajua wewe ni mtoto mbaya?" alisema Vasemaca. Akaiacha kamba, akakaa juu ya jiwe. "Sikiliza. Tulikuwa tunasuka mikeka kwa mke wa mchungaji. Unaisi akaanza kujisifu. 'Yangu mimi inanitikisa mwili mzima, ndiyo dawa ya kweli hiyo. Ya Vasemaca ni unga wa muhogo, haimfanyi kitu, ndiyo maana anacheka.' Wote wakaniangalia, wakanionea huruma. Mimi! Nikarudi nyumbani, nikaona kweli, dawa isiyouma ni dawa gani? Mbona yeye apewe ya kweli nami nipewe uji? Magoti yalikuwa yamepoa, lakini moyo ukawaka. Nikawa namwonea wivu hata kutapika kwake. Wivu ni mdudu, mwanangu. Unamfuga wewe na anakula wewe."

Umesikia? Umetegua bila jasho, basi mji wangu nimeukosa.

"Ukafanya nini?"

"Jumapili, vikapu vyetu vilikuwa vimetundikwa ukutani kanisani. Wakati wa sala ndefu nikatoka. Nikamimina vyake kwenye chupa yangu, vyangu kwenye yake."

"Alikuona?"

"Angeniona ingekuwa utani."

"Na hakukuona."

"Basi ulikuwa wizi," alisema Vasemaca, akajifuta uso kwa pindo la sulu, na haikujulikana kama ni mvuke. "Na ile dawa yake, oh, ni kweli kabisa! Tangu Jumapili magoti yangu ni ya msichana. Tazama!" Akainuka na kuchuchumaa tena, mara hata mbili.

Jagdish akamtazama Inspekta wake, akang'ata mdomo. Alumita hakupepesa.

"Ulivitazama ulipovimimina?"

"Nani anatazama vidonge? Natupa kinywani kama karanga."

Alumita akachukua magimbi mawili kutoka kapu la jirani, akayaweka juu ya jiwe, moja kulia, moja kushoto. Akavunja ukucha wa kidole gumba akichora msalaba kwenye gimbi la kushoto.

"Jagdish, hili lenye msalaba ni vidonge vya Unaisi. Hili safi ni vya Mama Vasemaca. Mama anasema Jumapili alibadilisha. Basi leo vyenye msalaba vingekuwa wapi?"

"Kwa Mama Vasemaca, Afande."

"Lakini nimevimwaga hapa vyote, visafi. Na vyenye msalaba vimekutwa kwa Unaisi."

Koplo akajikuna kisogo. "Labda alisahau kubadilisha."

"Nisahau?" Vasemaca akafoka. "Kwa haraka niliyokuwa nayo kimoja kilianguka kwenye kitabu cha nyimbo!"

"Alibadilisha," alisema Alumita. "Ila hakuwa wa kwanza." Akayahamisha magimbi, la kulia kushoto, la kushoto kulia. "Kabla ya Jumapili kuna mtu alishapita kwenye kapu la Mama. Kisha Mama naye," akayahamisha tena, "akavirudisha kila kimoja kwao, akidhani anaiba."

Vasemaca akashika kichwa.

"Yule kichaa! Alitaka uji wangu?"

"Alitaka magoti yako, Mama. Alikuona umeisahau fimbo. Mla cha mwenzake na chake huliwa, na nyinyi mmekulana wote wawili mkabaki palepale. Lakini nikisema hivi Labasa ni hadithi yangu tu. Torika anahitaji aliyechora misalaba aseme mwenyewe. Na hatasema, maana akisema misalaba ni yake, itabidi aseme na kilichomwangusha."

"Aibu ya kuiba kwa mtani," alisema Vasemaca. "Kitu anachoweza kuchukua mbele za watu akicheka." Akalibeba gunia la magimbi mabichi begani, kama mwanamke asiye na umri. "Twende. Peke yako hutamweza."

* * *

Gari la Labasa lilikuwa tayari limeegeshwa nje ya kituo, dereva anakula embe juu ya boneti, walipopita kwenda hospitalini. Kelera alikuwa bado kando ya kitanda. Unaisi alipomwona anayeingia, akavuta shuka juu zaidi.

"Mtoeni nje huyo mla popo wa Waidamu!"

"Mla popo amekuletea magimbi," alisema Vasemaca. "Hayajaiva. Kama tabia yako."

"Umekuja kunimalizia?"

Vasemaca akakaa kitandani bila kuombwa, miguuni kwa mtani wake. Akatafuta utani mwingine, ukamkwama.

"Unaisi, Jumapili niliingia kapuni kwako nikakuibia dawa. Nilikuonea wivu kwa ugonjwa wako. Na lile neno la jana halikuwa lako, lilikuwa langu. Nilikuwa najisema mwenyewe, likanitoka kwa sauti."

Unaisi akageuka kutoka ukutani, polepole.

"Uliniibia mimi? Jumapili?"

"Wakati wa sala ndefu."

Midomo ya Unaisi ilikuwa inakwenda bila sauti. Alikuwa anahesabu siku nyuma. Alumita hakumpa nafasi ya kumaliza. Akaweka kile kidonge kiganjani mwake, na kioo juu yake.

"Kitazame, Bibi. Leo usifumbe macho."

Akatazama. Kidole chake kikapapasa ule mkwaruzo, kikaujua, kama mshona nguo anavyoujua mshono wake gizani.

"Mama," Kelera alisema, na sauti yake haikuwa ya nesi mkuu, "huu si ule msalaba unaochora kwenye sabuni? Na kwenye mayai?"

"Nilichora kwa pini ya kubania nywele," alisema Unaisi. "Siku ileile ya kwanza. Ili mkono wa mtu usiingie."

Jagdish akaandika. Nje, kule kituoni ng'ambo ya barabara, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Torika alikuwa anatembezwa kwenda garini, pingu mikononi, na Kelera, aliyekaa upande wa dirisha, alimwona. Akamtazama mama yake.

"Mama. Nampenda Torika kama ninavyoupenda mwiba, na yeye hivyohivyo. Lakini hakunifanyia hili. Ulivyomeza jana vilikuwa vya nani?"

Ni lile swali la asubuhi. Unaisi alimtazama binti yake, akamtazama Vasemaca, akayatazama magoti ya Vasemaca yaliyokunjwa kitandani pale bila shida yoyote, na uso wake ukaonekana kwanza unaungua, kisha umechoka kuungua.

"Nilikwenda kuiba magoti ya mwenzangu, Inspekta," alisema. "Nikameza vyangu."